Saini ya Kipa Kwenye Mguu wa Mti

3 Februari

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi ni wazima, ukiondoa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linajitawala na halisikilizi amri ya mtu. Mkazamjomba wako ameipaka nyumba rangi ya kijani kwa sababu ndiyo iliyopunguzwa bei, na mimi bado nagonga mlango wa jirani nikidhani ni kwetu. Nilijaribu kukupigia simu mara mbili, lakini masikio yangu na simu hayaelewani. Nilisikia mtu akikohoa, nikampa pole, nikakata. Kwa hiyo naandika.

Sasa sikiliza. Unajua kwamba mimi ndiye niliyemshonea kiatu kipa wetu Ukuta siku ya fainali. Najua unajua, maana nimekusimulia tangu hujaota meno. Tangu afariki mwaka jana, klabu imetenga chumba cha kumbukumbu na inakusanya vitu vyake. Nikawapelekea ule mguu wangu wa mti, ule ninaovalishia viatu nikiwa nashona, aliousaini kwa mkono wake mbele yangu. Karani akaugeuzageuza kama anayetafuta kidole gumba. Akasema, "Mzee, lete cheti cha mtaalamu kwamba saini ni yake kweli." Nikamwambia mimi nilikuwepo. Akasema, "Mzee, kila mtu alikuwepo."

Wakiupokea, wataweka kikaratasi chini yake: umetolewa na fundi aliyeshona kiatu cha Ukuta siku ya fainali. Miaka thelathini na sita nasimulia habari hii na hakuna hata mmoja anayeiamini. Mtaani wananiita Redio, na si kwa sababu ya muziki. Kosa ni langu. Mtu aliyewahi kusema kwamba alimng'oa chatu jino hana haki ya kununa asipoaminika. Lakini hii ni kweli, mpwa wangu. Nimesema uongo mwingi maishani, na hii moja nilikuwa nimeitunza.

Wewe kutwa nzima pale benki kazi yako ni kutazama saini za watu na kusema hii ya kweli, hii ya kughushi. Nakutumia mguu kwa basi la mizigo. Utazame, halafu uniandikie nipate la kuwaonyesha. Msalimie mama yako.

Mjomba wako, mwenye goti moja

20 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini goti limepata adabu. Huku hatujambo. Mzigo wako ulifika, ila uliletwa ofisini badala ya nyumbani. Mlinzi aliufungua kwa ajili ya usalama, akaona vidole vinachungulia kwenye gazeti, akapiga ukelele ambao sikujua mwanaume wa umbo lile anao. Meneja ameniomba kwa upole nisilete tena viungo vya mwili kazini.

Umefanya vizuri kuniletea mimi. Sitaki kujisifu, lakini nitajisifu kidogo. Nina miaka kumi na moja kwenye dawati hili, na hakuna hundi ya kughushi iliyowahi kunipita. Siri yetu ni kwamba hatutazami saini peke yake. Tunachukua kadi ya mteja, ile aliyoisaini siku ya kufungua akaunti, tunaiweka kando ya hundi, tunalinganisha mkono kwa mkono. Na kadi ya Ukuta ninayo nyumbani! Unaikumbuka picha yake yenye saini pale sebuleni kwetu? Mama alipewa alipokuwa karani ofisini kwa klabu, ile miaka miwili kabla hajaolewa. Imetoka klabuni kwenyewe. Sampuli safi kuliko hiyo utaipata wapi?

Nilimwonyesha Mama mguu wako. Akaupokea, akapitisha kidole juu ya saini taratibu, kisha akasema maharage yanaungua, akaenda jikoni. Mjomba, hatukuwa tumepika maharage.

Nipe wiki mbili.

Mpwa wako, mtaalamu

8 Machi

Mpwa wangu,

Wiki mbili zimepita na siku mbili juu. Siulizi, nakukumbusha tu. Nimeshawaambia watu wa hapa kibandani kwamba benki nzima inaushughulikia mguu wangu. Nimenunua shati la kuvaa siku ya kukabidhi. Mkazamjomba wako anasema linanifanya nionekane kama pazia, lakini pazia safi.

Mama yako kanyamaza sana. Hata salamu hakutuma. Nimemkosea nini?

Mjomba wako

17 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo na hujamkosea kitu. Amekuwa mkimya tu, nadhani ni presha. Hongera kwa shati.

Nimekaa na barua hii siku tatu. Mjomba, si yake.

Nimeulinganisha mguu na picha kwa kioo cha kukuzia, nikarudia, nikarudia tena. Kwenye picha mkono wa Ukuta unakimbia. Anaanza herufi ya kwanza na hasimami mpaka mwisho. Kwenye mti unasimama kila herufi, unapumua, unaanza upya. Na mstari unatetemeka. Anayeghushi ndivyo anavyoandika: polepole, kwa woga, akiikumbuka kila herufi aliyoikariri. Benki tumewanasa wengi kwa mwendo huohuo. Ningeletewa hundi yenye saini hii, ningebonyeza kengele ya mlinzi, yule wa ukelele.

Sisemi umedanganya. Nasema labda aliyekuja kibandani siku ile alikuwa mtu mwingine aliyejiita Ukuta. Watu wana mambo.

Nilimsomea Mama hukumu yangu. Akasema si kila kitu duniani ni hundi. Nadhani ananionea wivu kwa taaluma yangu.

Mpwa wako

29 Machi

Mpwa wangu,

Mtu mwingine! Yule bwana aliinama kuingia kibandani, na alipokuwa ndani ilibidi mimi nitoke ili nipate pa kushonea. Basi la timu lilikuwa limesimama nje linapiga honi. Soli ya kulia ilikuwa imeachia mpaka kisiginoni, nikaishona kwa uzi wa mara mbili. Nikakataa malipo, nikamwomba saini. Karatasi hakukuwa na hata kipande, nikampa mguu wa mti na kalamu yangu ya kuwekea alama ngozi. Akasaini hapo hapo, mara moja, fyuu, kama mfalme, akaondoka. Usiku ule ule nikaupaka vanishi.

Mkazamjomba wako ameisoma barua yako kwa sauti mara mbili, na mara ya pili aliisoma kwa raha.

Nakuheshimu, mpwa wangu, lakini wewe ni wa hundi. Nipelekee kwa mtaalamu hasa wa saini za watu maarufu.

Mjomba wako

26 Aprili

Mjomba, shikamoo. Poleni na mvua, nasikia zimewazidi. Huku paa letu linavuja juu ya kiti kilekile ninachokipenda.

Nimempata mtaalamu. Ofisi yake iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Alivaa glavu nyeupe kabla hata ya kunisalimia. Kuta zote za ofisi zimejaa vyeti vyenye mihuri, na nilipovisogelea niliona vyote vimetolewa na yeye mwenyewe. Nikaona ni jambo la kawaida kabisa.

Ana albamu. Amekusanya saini mia mbili na kumi na mbili za Ukuta, zote kwenye picha ambazo klabu ilikuwa ikiwatumia mashabiki kwa posta. Akaulaza mguu wako chini ya taa, akafunua kurasa mbili, akacheka kwa pua. "Huyu hata kujaribu hakujaribu," akasema. Nikamweleza nilivyoona mimi, herufi zinazosimama, mstari unaotetemeka. Akanitazama kwa heshima, akavua glavu, akanipa mkono. Siwezi kukuficha, nilijisikia nimepandishwa cheo.

Nimeambatanisha cheti. Kimeandikwa SI HALISI kwa herufi kubwa, na muhuri wake unang'aa vizuri. Wakati nashuka ngazi akaniambia, "Mpe pole mzee wako. Ndugu ndio wagumu kukubali." Nikamjibu kwamba najua.

Basi, Mjomba, wataalamu wawili tumesema. Nisamehe.

Mpwa wako

30 Mei

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu na sina kisingizio. Goti limetulia. Rangi ya kijani imeanza kubanduka na mkazamjomba wako analia kama aliyefiwa.

Cheti nilikificha, lakini habari zimetoka. Sijui zimetokaje, labda kwa sababu nilimwambia kinyozi. Sasa mteja akileta kiatu anauliza kama na soli zangu zina cheti. Nacheka nao. Ningekuwa mimi ndiye mteja, ningeuliza hivyo hivyo.

Lakini nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Juzi nilifunga kibanda mapema, nikakaa, nikajaribu kuikumbuka siku ile kavu, bila chumvi. Nikashindwa kujua chumvi inaanzia wapi. Nimeisimulia mara nyingi mno. Labda basi lilipita tu, akanipungia mkono dirishani, na mengine nimeyashona mwenyewe. Wasioniamini nimewazoea, tunaishi nao vizuri. Sasa na mimi nimejiunga nao, na hilo linaniuma, mpwa wangu. Linaniuma kweli.

Mguu huo usinirudishie. Uchomee maji ya kuoga.

Mjomba wako

9 Juni

Mjomba wangu, shikamoo, na salamu nitazimalizia mwisho.

Mguu wako hauchomwi.

Jumapili nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Nikachukua chupa ya mafuta. Mama ameibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, "Mafuta", kama anavyobandika kila kopo humu ndani. Nimeiona karatasi hiyo kila siku ya maisha yangu. Safari hii nikaitazama, kwa sababu barua yako ilikuwa imeninyima raha na nilikuwa nakodolea macho chochote kilicho mbele yangu. Kile kistari kinachokata "t" kinaanzia chini, kinapanda, kinamalizikia juu ya "a" kwa kindoana. Nikazima jiko. Nikaenda sebuleni, nikaitoa picha ya Ukuta ukutani, nikaja nayo, nikaiweka kando ya chupa. Mkono kwa mkono, Mjomba, kama tunavyofanya benki.

Miaka kumi na moja najigamba hakuna wa kunipita, kumbe aliyenipita ndiye anayenipikia.

Mama aliingia akanikuta hivyo, chupa mkono huu, picha mkono huu. Akavua miwani, akakaa kwenye gunia la mkaa.

Akanieleza. Barua za mashabiki zilikuwa zikija klabuni kwa magunia, kila mmoja anataka picha yenye saini. Fungu la kwanza alimpelekea Ukuta mwenyewe. Alimkuta baadaye kwenye chumba cha jezi, picha nne mbele yake, jasho linamtoka kuliko uwanjani. Shule aliiacha darasa la pili. Alijua kuandika jina lake tu, herufi moja moja, akiwa ametoa ulimi. Kuna mchezaji alishawahi kumcheka mbele ya wenzake. Akamwambia Mama, "Dada, nisaidie. Na usimwambie mtu." Mama akamsaidia kwa miaka miwili. Maelfu ya picha. Albamu yote ya mtaalamu ni mkono wa Mama, mia mbili na kumi na mbili bila kukosa hata moja. Kwa hiyo mimi na yule bwana wa glavu tumethibitisha, kwa utaalamu wetu wote na muhuri juu, kwamba saini yako haikuandikwa na Mama.

Anasema alipoushika mguu ule siku ya kwanza, alijua kabla kidole hakijafika mwisho. Alinyamaza kwa sababu alikuwa amemwahidi mtu. Kisha nikamsomea barua yako ya mwisho, akalia mpaka nikajuta kuisoma. Ameniruhusu nikuambie wewe peke yako.

Mimi nataka niwaandikie klabu na mtaalamu, leo hii. Ila neno la mwisho ni lako. Nilikuambia ukweli wako ni uongo, tena kwa lugha ya kibenki, na nimeona haya kiasi kwamba ofisini nimepitisha hundi zote za wiki bila kubisha. Nisamehe.

Msalimie mkazamjomba.

Mpwa wako, asiye mtaalamu wa chochote

20 Juni

Mpwa wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, goti likasahau kuuma. Nikaisoma tena nimekaa. Halafu nikacheka, halafu kikafuata kilio cha wanaume watu wazima, kile tunachosema ni vumbi la machoni.

Sasa na mimi niungame. Nilikuandikia kwamba alisaini mara moja, fyuu, kama mfalme. Nimewaambia wote hivyo. Ukweli ni kwamba alichukua muda kama wa kubandika kisigino. Alitoa ulimi. Mkono ulimtetemeka mpaka akaushikilia na ule mwingine. Nikajifanya natafuta uzi chini ya meza ili asione kwamba namwona. Alipomaliza akaniuliza, "Inasomeka?" Nikamwambia inasomeka vizuri sana. Hiyo sehemu niliikata kwenye hadithi tangu siku ya kwanza, nikaweka mfalme. Sasa nimekumbuka na najua nilikuwepo. Fikiria upumbavu huo: chatu nimemweka, ulimi nimeutoa.

Usiwaandikie. Ukiwaambia saini zao ni za karani, watauliza kwa nini, na jibu la kwa nini ni la Ukuta, naye hayupo. Acha cheti kibaki kama kilivyo. Mwambie mama yako sina kinyongo naye hata chembe. Alitunza siri ya mtu vizuri kuliko mimi ninavyotunza chochote.

Unirudishie mguu tu. Nina viatu vya namba nane vinausubiri.

Mjomba wako, aliyekuwepo

2 Julai

Mjomba, shikamoo.

Naandika haraka. Mama amepanda basi la asubuhi kuja kwenu, mguu wako umo kwenye mkoba wake. Barua hii nampa dereva wa basi hilo, kwa sababu Mama asingekuambia anakujia nini. Nilimsomea ulivyosema tuache. Akasema, "Ya Ukuta sitayasema. Ya kwangu nitayasema." Akavaa viatu vyake vya kanisani, akaondoka. Nilimfuata mpaka kituoni nikimsihi, na nilikuwa bado nimevaa kandambili.

Presha yake iko juu. Mpokee vizuri.

Mpwa wako

6 Julai

Mpwa wangu,

Mama yako ni mzima, usiwe na wasiwasi, amelala chumba cha uani na mkazamjomba wako anamlisha kana kwamba ametoka jela.

Jana asubuhi alinifuata kibandani. Kulikuwa na wateja saba wanasubiri, wote peku kwa sababu viatu vyao nilikuwa navyo mimi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuondoka. Mama yako akasimama katikati yao, akauinua mguu wa mti. Akasema, "Mimi ni dada yake huyu. Nilikuwa karani wa klabu. Picha za Ukuta mlizonazo majumbani nilizisaini mimi. Saini yake ya kweli ni hii hapa." Sauti haikumtetemeka hata kidogo. Nilijivunia.

Kisha kinyozi, ambaye alikuja kuchukua kiatu lakini ulimi wake hauchoki, akauliza, "Sasa Mama, mtu na jina lake, kwa nini asisaini picha zake mwenyewe?"

Nilimwona mama yako anatafuta uongo mzuri. Hana mazoezi, maskini. Akasema, "Alikuwa na shughuli nyingi."

Basi, kibanda kikapasuka kwa vicheko. "Kumbe Redio ni ya ukoo!" akasema kinyozi. Mwingine akapiga makofi, akauliza kama na yeye anamfahamu chatu. Mama yako akaapa. Wakacheka zaidi. Akaapa tena kwa jina la marehemu mama yetu, mpaka shingo ikamtoka mishipa, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyofurahi. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema ambalo lingewanyamazisha wote. Nikainama, nikaendelea kushona. Yeye alilijua neno hilo, na alinitazama, na aliona kwamba silisemi.

Wakachukua viatu vyao mmoja mmoja, wakaenda, wamefurahi. Mama yako akabaki kwenye kigoda. Alikuwa ameushikilia mguu mapajani kama mtoto.

"Kaka," akaniambia, "hivi ndivyo unavyoishi? Miaka thelathini na sita?"

Nikamwambia ndiyo, mtu anazoea.

Halafu akavuta kigoda mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana. Akasema, "Basi nisimulie. Anza kiatu kilipoachia, na usiruke kitu."

Mpwa wangu, sikujua kama naweza. Nilimsimulia yote, na ulimi, na mkono, na alivyoniuliza kama inasomeka, na hakunikatiza hata mara moja.

Mjomba wako